SOMO LA LIKIZO: BARIDI YA MWEZI WA 7, NA SAFARI YA ZAMBIA PAMOJA NA RAFIKI



Katika buku letu la Kifransa kuna picha ya watoto wenye kofia za manyoya, wanateleza juu ya theluji. Chini ya picha imeandikwa kwamba hiyo ni likizo ya wakati wa baridi, na mwezi ni wa 12. Kila mwaka kalasi inacheka, sababu mwezi wa 12 kwetu Lubumbashi ni mvua, matope na maembe. Na wengi wanamaliza kwa kusema: likizo ya baridi ni mambo ya Ulaya, sisi haituhusu.

Si kweli. Sisi pia tuko nayo, tena ndiyo likizo yetu kubwa kuliko zote. Katika somo hili tutaeleza kwanza juu ya nini mwezi wa 7 ni baridi huku kwetu. Kisha tutafuata njia moja ambayo mwanafunzi wa Katanga anaweza kufuata wakati huo pamoja na rafiki zake, ndiyo njia ya Zambia mpaka maporomoko ya maji ya Livingstone. Na katikati ya njia tutasimama mahali pamoja, mupakani, kwa kuzungumza jambo gumu kuliko jiografia: namna gani rafiki wanne watoke pamoja na warudi wangali rafiki.

Tuanze na jua. Dunia haikusimama wima, imeinama kwa digri 23 na nusu. Tarehe 21 ya mwezi wa 6 ni upande wa kaskazini unaoinamia jua, na sisi wa kusini tunalipata kwa pembeni. Mchana unakuwa mufupi, usiku unakuwa murefu. Ulaya wakati ule ni joto. Mwezi wa 12 mambo yanageuka, na ndipo ile theluji ya buku inaanguka kwao.

Lakini kuinama kwa dunia peke yake hakutoshi kueleza baridi ya Lubumbashi, maana hatuko mbali sana na ekwateri: digri 11 na zaidi kidogo. Kuna sababu mbili zingine. Ya kwanza, tunakaa juu, karibu metre 1,200 kuliko bahari. Ya pili ni mawingu. Wakati wa kipwa mbingu ni wazi. Mchana jua linapasha udongo, usiku joto lote linapanda na kupotea, sababu hakuna mawingu ya kulizuia. Mawingu ndiyo bulangeti la dunia. Kwa hiyo mwezi wa 7 unaweza kuamka asubui katika digri 6 ao 7, na saa 14 uko unavua tiriko kwa digri 25. Ndugu zetu wa Kisangani, wenye kukaa karibu na ekwateri, hawajui jambo hilo. Wakifika huku mwezi wa 6 bila tiriko, tunawaona wanavyokunja mikono.

Basi, likizo yetu ya mwezi wa 7 na wa 8 ni likizo ya wakati wa baridi kweli kweli. Tena ni wakati muzuri wa kutembea: barabara ni kavu, mito imeshuka, mbu wamepunguka.

Sasa njia. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90. Mutu anayefika pale anaona malori mengi yaliyopanga mustari, watu wa duane, wabadilishaji wa feza, wauzaji wa mikate. Haoni muto, haoni mulima. Anauliza: huu mupaka ulikatwa namna gani? Jibu liko ndani ya maji. Mwaka 1894 Wabeleji na Waingereza walipatana kwamba upande huu mupaka utafuata mugongo wa inchi, yaani mahali maji yanapoachana. Tone la mvua likianguka upande wetu linaingia katika Kafubu, linakwenda katika Luapula, katika ziwa Moero, katika Luvua, katika Lualaba, ndiyo Kongo, mpaka bahari ya Atlantike. Tone la jirani lake, lililoanguka ngambo, linaingia katika Kafue, kisha Zambezi, na kutokea katika bahari ya Hindi huko Msumbiji. Mawingu ni yale yale, lakini matone mawili yanamaliza safari pande mbili za Afrika. Mwalimu wa jiografia anaweza kusema jambo hili mara kumi ndani ya kalasi, lakini mwenye kusimama pale kwa miguu yake hasahau tena.

Hapo ndipo tunataka kusimama.

Kundi moja la vijana wanne, si wa chuo chetu, tuliwajua. Walijiandaa mwaka muzima kwa kwenda Livingstone. Paspoti zilikuwa tayari. Barua za ruhusa za wazazi, kwa wale wasiotimiza miaka 18, zilikuwa na muhuri. Lakini mumoja wao alichelewa kwa chanjo ya homa ya manjano. Aliipata siku tatu mbele ya kuondoka, na rafiki zake wakafurahi: karte iko! Kufika mupakani, mutu wa afya alifungua ile karte, akaweka kidole juu ya tarehe, akahesabu, akaifunga. Chanjo ile haihesabiwi kuwa na nguvu mbele ya siku ya 10. Hakuna cha kusema hapo, ni kanuni ya mataifa yote na ina sababu yake: mwili unahitaji siku hizo kwa kutengeneza kinga.

Basi lao la ngambo lilikuwa linangoja abiria. Wawili wakasema: twende, yeye arudi nyumbani, atakuja mwaka mwingine. Wa tatu akakataa, akasema hawezi kumwacha mwenzake peke yake Kasumbalesa na mizigo, saa za jioni. Na feza zote zilikuwa katika mufuko wa mutu mumoja, bila kuandikwa mahali popote nani alitoa ngapi na nini imekwisha kutumika. Wakaanza kuhesabu pale pale, kati ya malori, watu wakiwatazama. Mwisho wawili waliendelea na wawili walirudi. Yule aliyerudi kwa kumsindikiza mwenzake alipokea feza kidogo kuliko alizotoa, na mpaka leo yeye na mwenye kuchunga mufuko hawasalimiani. Walisoma pamoja tangu kalasi ya kwanza.

Kila mara tunapowaza habari hiyo tunaona kwamba yule aliyekataa kwenda ndiye aliyefanya sawa, ingawa yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Wengine katika baraza ya gazeti letu hawakubali. Wanasema kila mutu abebe kosa lake, na wale wawili hawakufanya dhambi kwa kuendelea na safari waliyoilipa. Tulizungumza sana. Mwishowe tulipatana juu ya jambo moja tu: mashauri ya namna hiyo yafanyike nyumbani, kwa karatasi na kalamu, mbele ya kupanda basi. Mupakani akili za watu ziko mbio mbio, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Kwa hiyo tuseme vizuri namna ya mufuko. Watu wengine wanaufananisha na likelemba. Si kitu kimoja. Katika likelemba kila mwezi mumoja anakula zamu yake. Mufuko wa safari haulikwi na mutu mumoja, unalikwa na wote siku moja moja, na kila siku kinachotoka kinaandikwa katika kitabu kidogo mbele ya macho ya wote. Mwenye kuchunga feza asiwe mwenye kuandika. Na tunakaza jambo hili: feza ya kurudi haiingii mufukoni hata kidogo. Kila mutu anaishona katika nguo yake mwenyewe. Ukiwa na feza ya kurudi mwilini mwako, hakuna rafiki anayeweza kukufunga, hata kwa hasira, hata kwa kusahau. Halafu waandike neno moja: mumoja wetu akizuiwa ao akigonjwa, tutafanya hivi. Inachukua dakika tano, na inaokoa urafiki wa miaka mingi.

Juu ya karte ya chanjo, kuna habari njema pia. Tangu mwezi wa 7 wa mwaka 2016, kanuni za Shirika la Afya la Ulimwengu zinasema chanjo moja inatosha kwa maisha yote. Zamani ilihesabiwa miaka 10. Kwa hiyo mwenye karte ya zamani asiitupe, aichunge vizuri. Mambo ya viza nayo yanageuka kila mara; muulize konsula wa Zambia mbele ya kuandika siku ya safari, si nyuma. Wala musikubali njia za porini ambazo vijana wa mupakani wataonyesha. Na kifurushi cha mutu musiyemjua, hata akiwa mama muzee mwenye kulia, musikibebe.

Tuvuke sasa.

Kitu cha kwanza ni magari: Zambia yanatembea kushoto. Kwetu ukitaka kukata barabara unatazama kushoto kwanza. Kule magari yanakuja kutoka kuume. Mukumbushane. Saa hazibadiliki, saa ya Lubumbashi ni saa ya Lusaka. Feza ni kwacha, na tangu mwaka 2013 walikata sifuri tatu, kwa hiyo mutu akikuonyesha noti kubwa sana za zamani, ujue hazina kazi.

Lugha haitawashinda. Katika miji ya shaba, Chingola, Kitwe, Ndola, watu wanasema Kibemba, na nani kati yetu hana jirani Mubemba? Zamani, katika miaka ya mwanzo ya Union Minière, wafanyakazi wengi wa migodi ya Lubumbashi walitoka upande ule, na maneno yao yamekaa ndani ya Kiswahili chetu. Hata treni ilitoka kule. Njia ya chuma ilipanda kutoka kusini, ikavuka Zambezi kwa daraja mwaka 1905, ikafika Broken Hill 1906, Ndola 1909, na Elisabethville 1910. Basi mutu akishuka leo kutoka Lubumbashi mpaka Livingstone, anafuata karibu njia ile ile, kwa kinyume. Kiingereza mutakihitaji zaidi Lusaka na Livingstone. Wale wanaosinzia katika saa ya Kiingereza wataona.

Karibu na Ndola, ndani ya pori, kuna mahali ambapo tunafikiri mtoto wa Katanga anapashwa kusimama. Usiku wa tarehe 17 kwenda 18 ya mwezi wa 9, mwaka 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mukubwa wa Umoja wa Mataifa, ilianguka pale. Alikuwa anakuja kuonana na Moïse Tshombe juu ya vita ya Katanga. Watu wote 16 waliokuwa ndani walikufa. Sasa kuna ukumbusho. Sisi tunasoma vita ile kama habari ya Elisabethville. Kule unaona kwamba iligusa dunia nzima.

Kutoka Ndola mpaka Lusaka ni karibu kilometa 320. Mutapita Kapiri Mposhi, mahali njia ya treni ya TAZARA inapoanzia kwenda Dar es Salaam, kilometa 1,860. Mutapita pia Kabwe, ambayo ndiyo Broken Hill ya zamani. Mwaka 1921 wachimbaji wa madini walikuta pale kichwa cha mutu wa kale sana. Lakini musipoteze siku kwa kukitafuta: kilipelekwa London, na mpaka sasa serikali ya Zambia inakidai.

Lusaka tunapita haraka. Ni muji mukubwa na feza inakwisha. Neno moja tu: mwaka 2016 serikali ilikataza mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 21 na saa 5 ya asubui, juu ya ajali nyingi. Kwa hiyo musihesabu usiku wa ndani ya basi kama usiku wa kulala bure. Hesabuni malazi. Na kama mutalala mahali pa rahisi, ujue kwamba kusini ya Lusaka baridi ya usiku mwezi wa 7 inaweza kupita ya kwetu. Bulangeti la pili si uzito wa bure.

Livingstone iko karibu digri 18 kusini. Maporomoko yenyewe yana upana wa metre 1,708, na maji yanaanguka metre 108. Mupelekwa-injili Muskoti David Livingstone aliyaona tarehe 16 ya mwezi wa 11, mwaka 1855, akayaita kwa jina la malkia wake, Victoria. Lakini watu waliomupeleka pale kwa mutumbwi walikuwa na jina lao, Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Na Watonga walikuwa na jina lao mbele ya hapo, Shungu Namutitima. Mwaka 1989 mahali pale pameandikwa kati ya mali ya dunia nzima, kwa majina mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria.

Sasa ulizo la wanafunzi wenye akili: kama mwezi wa 7 ni kipwa, tutakuta maji? Ndiyo, na hapa somo la jua na somo la maji yanakutana. Zambezi inatoka kaskazini-magharibi ya Zambia, karibu sana na mupaka wa Kongo na Angola. Mvua za kule zinakatika karibu na mwezi wa 4. Lakini maji hayakimbii moja kwa moja. Yanafika katika uwanda mukubwa wa Barotse, yanaenea, yanatulia, na kushuka pole pole. Kwa hiyo maporomoko yanajaa kabisa karibu na mwezi wa 4, wakati mvua inamalizika, na yanapunguka hatua kwa hatua mpaka mwezi wa 10 ao 11, wakati ambapo upande wa Zambia sehemu kubwa ya jiwe inaweza kubaki kavu. Mwezi wa 4 maji ni mengi sana hata moshi wake unaficha kila kitu, unalipa kwa kuona ukungu. Mwezi wa 7 maji yangaliko na macho yanapita. Kwa maoni yetu hakuna wakati bora. Mwaka wa ukame mambo yanaweza kuwa tofauti; mwaka 2019 maji yalishuka sana, na mwaka 2024 Zambia ilikuwa na ukame mukubwa.

Mutalowana. Mwenye kutembea katika njia ya mbele ya maporomoko anatoka kama aliyeoga na nguo zake, na upepo wa kipwa haucheki. Muwe na nguo za kubadili. Tena muangalie kalenda ya mwezi: usiku wa mwezi mupevu, maji yakiwa mengi, upinde wa mvua unaonekana usiku, mweupe mweupe, na wanafungua mahali kwa watu wa kuutazama. Ni wachache katika dunia walioona kitu hicho.

Kwa wenye feza kidogo, kuna safari ingine ambayo sisi wengine tunaipenda kuliko ya Livingstone. Mwisho wa mwezi wa 7, huko Mwansabombwe, upande wa Zambia wa bonde la Luapula, Walunda wa Mwata Kazembe wanafanya sikukuu ya Umutomboko. Wanakumbuka namna babu zao walivyotoka katika inchi yetu, kwa Mwata Yamvo, wakivuka mito kwa kushinda inchi. Mwata mwenyewe anacheza. Hapo hamuendi kwa wageni, munakwenda kwa ndugu.

Kama munataka kuonana na wanafunzi wa Zambia, mujue mwezi wa 7 wao wangali katika kalasi. Likizo yao inaanza mwezi wa 8.

MAULIZO KWA KALASI

Chora karte ya njia ya matone mawili ya mvua yaliyoanguka Kasumbalesa, kila moja mpaka bahari yake. Kisha ueleze juu ya nini tone la Kafue halipiti kamwe katika maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. (Tazama mahali Kafue inapoingia Zambezi.)

Rafiki wanne wametoa kila mumoja dola 60. Kila mumoja ameshona dola 20 za kurudi katika nguo yake, zinazobaki ziko mufukoni. Wamelipa mbele chumba cha Livingstone dola 40, na chakula cha njia dola 12. Mupakani mumoja anarudishwa. Paulo anasema apewe dola 27. Yoane anasema apewe 37, maana hatalala katika kile chumba. Fanya hesabu za wote wawili, na uandike wewe ungempa ngapi, na nani atarudi naye mpaka Lubumbashi.

Majibu yawekwe katika sanduku la gazeti, karibu na biro ya prefe, mbele ya siku ya mwisho ya masomo.